Matangazo ya Mac na PC: ulikuwa ujanja au zilikuwa nyodo?

MwalimuMasoko, Morogoro

Wakuu, habari za jioni. Kuna jambo naomba tulipime pamoja, maana darasani kwangu limeacha ubishi ambao haujaisha.

Nafundisha somo la masoko, darasa la jioni. Wanafunzi wangu wengi ni watu wazima wanaokuja wametoka kazini: wahasibu wa SACCOS, makarani wa stoo, wauza dawa, vijana wawili wa duka la simu. Wiki hii tulifika kwenye tangazo la kulinganisha, lile ambalo kampuni inamtaja mshindani wake waziwazi na kusema mimi ni bora kuliko huyu. Nikawaonyesha ule mfululizo wa Apple, Get a Mac, uliorushwa Marekani kuanzia Mei 2006 hadi 2009. Mac ni kompyuta ya Apple, na PC humo ni kompyuta inayotumia Windows ya Microsoft.

Kwa ambao hawakuuona: nyuma ni peupe kabisa, hakuna meza wala kompyuta. Wamesimama wanaume wawili. Mmoja kijana, Justin Long, kavaa fulana na jinzi, mikono mfukoni. Wa pili ni John Hodgman, suti ya kahawia, tai, miwani, kitambi kidogo. Kijana anasema, "Hujambo, mimi ni Mac." Mwenzake anaitikia, "Na mimi ni PC." Halafu yanafuata mazungumzo ya nusu dakika, na PC ndiye anayeumbuka. Kwa Marekani peke yake yalirushwa matangazo 66 ya namna hiyo.

Kama yalifanya kazi au hayakufanya, hilo halina ubishi. Mwaka 2007 kampeni ilipewa Grand Effie, tuzo inayotazama matokeo sokoni, si uzuri wa picha. Baadaye jarida la Adweek likaichagua kuwa kampeni bora ya muongo. Mimi ninachouliza ni kingine: anayetazama anabaki na picha gani ya huyo aliyemtangazia?

Niwaeleze kilichotokea darasani. Kwanza niliweka lile la virusi. PC anaingia anapiga chafya, pua nyekundu, Mac anampa kitambaa. PC anamwonya asimsogelee, maana mwaka uliopita peke yake kulikuwa na virusi 114,000 vinavyojulikana vya PC. Mac anajibu kwa upole: vya PC, si vya Mac. PC anaanguka chini puu. Darasa zima lilicheka, na kilikuwa kicheko cha watu wanaoijua hiyo shida. Hakuna aliyewahi kupeleka flashi kwenye intaneti kafe miaka ile asirudi nyumbani na mafaili yamegeuka vijialama visivyofunguka.

Kisha nikaweka lile la kazini na nyumbani. Mac anasema yeye anapenda mambo ya kufurahisha, filamu na muziki. PC anasema hata yeye ana mambo yake ya kufurahisha: karatasi za mahudhurio, majedwali, chati za duara. Mac anamuuliza, sasa safari ya familia utaionyeshaje kwa chati? PC anatoa chati yake kwa fahari: hapa penye kijivu hafifu ni muda wa kupiga soga, hapa penye kijivu iliyokoza ni muda wa kukaa tu na kustarehe.

Vijana wa duka la simu walicheka. Mama mmoja wa mstari wa mbele, ambaye mwisho wa kila mwezi ndiye anayefunga vitabu vya chama chao, hakucheka. Akasema, "Mwalimu, lile la kwanza wanacheka ugonjwa wa mashine. Hili la pili wananicheka mimi."

Nami kabla ya kufundisha nilikuwa mhasibu, na nasimama na yule mama moja kwa moja. Lile la chafya kwangu ni ujanja wa hali ya juu, kwa sababu linasema shida ambayo mnunuzi anaijua kwenye vidole vyake. Lile la chati ni nyodo. Halisemi kuwa Windows inakosea hesabu, wala kuwa Mac inazifanya vizuri zaidi. Linasema tu kuwa mtu wa hesabu ni mtu asiye na ladha. Mishahara ya nchi nzima inapita kwenye majedwali hayo.

Nakumbuka Bill Gates alipohojiwa na Newsweek mwanzoni mwa 2007, wakati Vista, toleo jipya la Windows, inatoka, aliulizwa kuhusu matangazo haya na ilionekana yamemkera. Alisema hadhani kuwa zaidi ya asilimia 90 ya watu, wale wanaotumia Windows, wanajiona ni wazubavu kama wanavyochorwa. Alikuwa anatetea biashara yake, sawa. Lakini pale aligusa penyewe.

Sasa semeni. Ujanja au nyodo? Na mpaka uko wapi? Naomba hoja, tusiende kwenye ushabiki wa Mac na Windows.

FundiBodi, Arusha

Shikamoo Mwalimu. Mada nzuri, ila mimi nayaona hayo matangazo mawili kinyume chako.

Miye ni fundi, meza yangu imejaa mashine za watu. Lile la chati sina neno nalo, ni utani. La virusi ndilo linaloniudhi, kwa sababu lilimfundisha mtumiaji kitu kibaya. Virusi vilijazana kwenye Windows kwa sababu kadhaa. Moja, karibu kila ofisi ilikuwa inatumia Windows, na anayeandika kirusi anataka kuwafikia wengi. Mbili, Windows XP watu waliitumia kwa akaunti yenye mamlaka yote, kwa hiyo chochote kilichoingia kiliingia mpaka jikoni. Tatu, ile tabia ya kuendesha flashi yenyewe pindi inapochomekwa. Sababu ya pili na ya tatu ni makosa ya Microsoft, na wachekwe. Ila ya kwanza si sifa ya Apple hata kidogo. Unajisifu hujaibiwa wakati mwizi hajafika mtaani kwako.

Na mwizi alifika. Aprili 2012 kikavuma kirusi kinaitwa Flashback, kikapitia kwenye Java, programu ya kampuni ya Oracle, na kampuni ya kinga ya virusi ya Dr. Web ikakadiria Mac zaidi ya 600,000 zimeambukizwa. Oracle walikuwa wameshatoa kiraka cha tundu hilo Februari. Cha Mac kilikuwa lazima kitoke Apple, na kikatoka Aprili. Ilipofika Juni, kwenye tovuti ya Apple ile sentensi iliyokuwa ikisema Mac haipati virusi vya PC ikaondolewa, wakaandika kuwa imejengwa iwe salama. Kati ya sentensi hizo mbili kuna kampuni iliyokua.

Mpaka leo napokea wateja wenye Mac wanaoniambia "hii haihitaji kinga, fundi". Hawakuyatunga wenyewe hayo.

Ukitaka tangazo la haki kwenye mfululizo ule, chukua lile la mlinzi. PC kasimama na jitu lenye miwani meusi nyuma yake. Kila neno likitamkwa, jitu linauliza: ghairi au ruhusu? Mac anamsalimu PC: ghairi au ruhusu? PC anataka kuitikia: ghairi au ruhusu? Hiyo ilikuwa Vista yenyewe, jinsi ilivyokuwa ikikusumbua kwa maswali kila unapobadilisha kitu. Microsoft waliitengeneza kwa mikono yao, na kwenye Windows 7 wakaipunguza. Yaani tangazo lilitaja kosa, na kosa likarekebishwa. Hapo navua kofia.

Kwa hiyo mpaka wangu mimi: cheka kitu alichokitengeneza mwenzako, na ujisifu kwa kitu ulichokitengeneza wewe.

BintiShangani, Unguja

Assalaam alaykum nyote. Mwalimu, mimi nitakupa ya Uingereza kwa sababu nilikuwepo, nasoma Reading, na matangazo yale yalipoanza kule mwanzoni mwa 2007 tuliyazungumza sana kwenye chumba cha wanafunzi.

Apple hawakuwapeleka Waingereza wale Wamarekani wawili. Walichukua wachekeshaji wa kwao, David Mitchell awe PC na Robert Webb awe Mac. Hapo ndipo pakaharibika. Watu wale walikuwa wanajulikana kwa kipindi chao cha televisheni, ambamo Mitchell ni mtu wa wasiwasi, mwaminifu, anayelipa bili, na Webb ni mvivu anayejiona msanii. Sasa mtazamaji anaketi, anamwona Mitchell, moyo wake uko kwake tayari. Anamwona Webb kakunja mikono anatabasamu, anakumbuka yule mzembe. Tangazo linamwambia ampende Webb. Hawezi.

Nyumba tuliyopanga tulikuwa wanne, na sote tulikuwa upande wa PC kabla hata hajafungua mdomo. Mmoja wetu alikuwa na Mac, na hata yeye.

Nikamsikia jirani yetu Mwingereza, mzee wa makamo, akisema jambo ambalo sijalisahau: kwao anayejisifu hadharani anakuwa ameshashindwa, hata kama anayoyasema ni kweli. Sisi Unguja tungemwelewa vizuri sana yule mzee. Vijembe vina utaratibu wake hapa. Anayerusha hatajwi, anayerushiwa hatajwi, na kila mtu anajua. Ukimtaja mtu kwa jina lake na kusimama naye uso kwa uso ukimwambia mimi ni bora kuliko wewe, hilo halina ustadi tena, umeshakuwa ugomvi.

Wajapani nao walifanyiwa toleo lao mwishoni mwa 2006, na wachekeshaji wawili wanaojiita Rahmens. Kule kumlinganisha mshindani waziwazi kunahesabiwa ufidhuli. Basi wakapunguza makali: PC akavaa nguo za kawaida za ofisini, Mac akavaa nguo za mwisho wa wiki, na tofauti ikawa baina ya kazi na nyumbani. Nimeyatazama. Wale wawili wanaonekana kama watu wanaoweza kula pamoja. Yangetoka kwanza hayo, nadhani mama wa darasani kwako angecheka pia.

MwandishiMatangazo, Nairobi

Salamu kutoka Nairobi. Nimeandika matangazo kwa muda, kwa hiyo niruhusuni niwapinge nyote watatu.

Mwalimu, mama yako wa SACCOS hakuwa mlengwa. Hilo ndilo jambo ambalo mtu wa nje ya kazi hii halipendi kulisikia. Apple wa 2006 alikuwa na sehemu ndogo sana ya soko la kompyuta. Hakuhitaji kupendwa na wahasibu. Alihitaji kijana wa chuo anayenunua laptopu yake ya kwanza, na mtu wa nyumbani aliyechoka kuita fundi. Watu hao ukiwaambia "wewe si kama wale wa ofisini", wanafungua pochi. Nyodo zilikuwa ndiyo bidhaa yenyewe.

Na si jambo la 2006. Agosti 1981, IBM walipotoa kompyuta yao ndogo ya kwanza, Apple walinunua ukurasa mzima wa Wall Street Journal kuwakaribisha: karibuni IBM, kwa dhati kabisa. Kampuni ya vijana ikimkaribisha mzee sokoni kama mwenye nyumba. Hizo ni nyodo tupu, na tunaizungumza hadi leo. Nani anakumbuka tangazo lingine la kompyuta la mwaka huo?

Kisha mtazameni Hodgman vizuri. Yeye ndiye mwenye maneno mazuri katika kila tangazo. Long anasimama tu, anaitikia, anamwonea huruma. Kama nia ingekuwa kumdharau mtumiaji wa PC, wasingempa mchekeshaji bora zaidi aibebe sehemu hiyo. Watu walimpenda PC na wakanunua Mac. Kwa mwandishi wa matangazo hapo umemaliza kazi.

Kuhusu heshima na utaratibu wa vijembe, dada wa Unguja, nakuelewa. Ila Marekani kumtaja mshindani kwa jina ni jambo la kawaida, na mwaka 1979 tume yao ya biashara, FTC, ilitoa tamko rasmi kuwa inaunga mkono matangazo ya namna hiyo mradi yaseme kweli, kwa sababu yanamsaidia mnunuzi. Umoja wa Ulaya pia wana agizo lao la 2006 linaloyaruhusu, kwa masharti makali zaidi: ulinganishe vitu vinavyoweza kuthibitishwa, na usimdhalilishe mwenzako.

MwalimuMasoko, Morogoro

Ahsanteni sana. Fundi, umenipa kitu cha kufundishia, na hilo la Flashback nitalitumia. Nitaanza na ndugu wa Nairobi, maana hoja yake ni nzito na ndiyo wanayofundishwa vijana wote: huyu si mlengwa, mwache akereke.

Kaka, Apple walishajaribu hivyo kabla, na historia ipo. Januari 1984 walirusha lile tangazo maarufu la msichana anayekimbia na nyundo, katikati ya Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani. Pale kuna watu wamekaa safu kwa safu, wamenyolewa, wanamtazama bwana mmoja kwenye kioo kikubwa, na msichana anarusha nyundo anakivunja kile kioo. Ukiwa mtumiaji wa IBM umekaa kwako, tangazo linakuhurumia. Linakwambia umefungwa na sasa unafunguliwa. Likapendwa.

Mwaka uliofuata, Januari 1985, fainali ileile, wakarusha jingine. Safari hii ni msururu wa watu wa maofisini, wanaume kwa wanawake, wamevaa suti, mikoba mkononi, vitambaa machoni. Kila mmoja kaweka mkono begani mwa aliye mbele yake. Wanatembea huku wanapiga mluzi hadi ukingoni mwa jabali, na mmoja baada ya mwingine wanadondoka. Walikuwa wanatangaza Macintosh Office, mpango wa kuziunganisha kompyuta za ofisi. Yaani waliotarajiwa kununua ndio haohao wenye suti na mikoba. Unamwambia mkurugenzi wa fedha: wewe ni kipofu unayejitupa jabalini, sasa njoo uninunulie mashine hamsini.

Watu walichukia, na wengi wao walikuwa wateja ambao Apple ilikuwa inawahitaji kweli. Kulikuwa na tatizo jingine, sehemu muhimu za mpango wenyewe zilikuwa hazijawa tayari, kwa hiyo sisemi tangazo peke yake ndilo lililoiponza. Lakini yaweke matangazo hayo mawili pamoja. Kampuni moja, wakala mmoja, mwaka mmoja katikati. La kwanza lilikuwa na adui aliye juu ya mtazamaji. La pili lilimfanya mtazamaji mwenyewe kuwa adui.

Unasema mama wa SACCOS si mlengwa. Mwaka gani? Leo anatumia kompyuta ya chama, kesho mtoto wake anaingia chuo kikuu na yeye ndiye anayetoa fedha ya laptopu. Mteja hakai kwenye kisanduku ulichomchorea.

Na kuna ushahidi mwingine kuwa Apple waliacha mlango wazi hapohapo: Microsoft walipojibu, wakapitia mlango huohuo. Septemba 2008 walikuja na kampeni iliyoripotiwa kugharimu dola milioni 300. Tangazo lilianza na mtu anayefanana na Hodgman, suti na miwani vilevile, akisema yeye ni PC na amegeuzwa kikatuni. Halafu wakafuata watu wa kila aina, mmoja mmoja: mimi ni PC, mimi ni PC. Walimu, wanasayansi, mwanamuziki Pharrell Williams. Hawakuitetea Vista hata kwa neno moja, na Vista kweli ilikuwa haitetewi. Walimtetea mtu. Wangeweza kufanya hivyo kama Apple walikuwa wamecheka mashine peke yake?

MwandishiMatangazo, Nairobi

Ila Mwalimu usisahau, picha za kampeni hiyo zilipofunguliwa na watu wadadisi zilikutwa na alama kuwa zimetengenezwa kwenye Mac. Vijana wa wakala walikuwa wanatumia mashine ya adui kumtetea PC.

Lile la 1985 nakubali, hakuna anayelitetea kazini kwetu. Lakini kati ya kumdondosha mtu jabalini na kumtania kuhusu chati kuna safari ndefu. Ukiondoa utani wote unaomgusa mtu, utabaki na orodha ya bei na ukubwa wa diski. Nani atalitazama?

FundiBodi, Arusha

Mkuu, Samsung walikuwa na utani mzuri tu na ukawarudia. Novemba 2017 walitoa tangazo la kumcheka mwenye iPhone, pamoja na mambo mengine kwamba imeondolewa tundu la spika za masikioni. Agosti 2019 Galaxy Note 10 ikatoka bila tundu hilo, na lile tangazo likaondolewa kwenye ukurasa wao. Oktoba 2020 wakaweka picha ya chaja wakisema kwao imo kwenye boksi, baada ya Apple kuacha kuiweka. Desemba picha ikafutwa, na Januari 2021 Galaxy S21 ikaja bila chaja.

Wateja wangu walilipia chaja pembeni. Hakuna aliyenitajia tangazo, wote walinitajia chaja.

BintiShangani, Unguja

Ndugu wa Nairobi ameuliza nani atatazama orodha ya bei. Microsoft walifanya hilohilo Machi 2009, na likatazamwa sana. Msichana anaitwa Lauren anapewa dola 1,000: tafuta laptopu yenye kioo cha inchi 17, ukiipata ni yako. Anaingia duka la Apple, anatoka. Kwa fedha ile pale angepata ya inchi 13 tu. Ndani ya gari anasema nadhani mimi sina mvuto wa kutosha kuwa mtu wa Mac. Anakwenda duka jingine, ananunua HP kwa dola 699.99, anaruka kwa furaha.

Sentensi ile ya ndani ya gari ndiyo iliyouma. Hakumtukana mtu. Alizichukua nyodo zote za miaka mitatu akazikubali, halafu akanunua alichokihitaji.

MwalimuMasoko, Morogoro

Dada wa Unguja, hilo la Lauren nalijua na nilikuwa nalitafutia mahali, umeniwahi. Mimi naliona ndilo tangazo bora zaidi la vita vile vyote, la pande zote mbili, na nalisema nikiwa mtu anayeipenda Mac yake. Linalinganisha waziwazi, linataja bei, linataja ukubwa wa kioo, kila kitu ndani yake unaweza kwenda dukani ukakihakiki. Na aliye katikati ni mnunuzi mwenye fedha ya mgao anayezunguka madukani. Kevin Turner wa Microsoft alisimulia Julai mwaka huo kuwa mawakili wa Apple walipiga simu kutaka matangazo hayo yasimamishwe, kwa hoja kuwa wameshapunguza bei za Mac. Kampuni iliyocheka miaka mitatu ilikuwa imefikishwa mahali pa kuzungumzia bei, na mnunuzi akafaidika. Hicho ndicho ninachokitaka kwenye tangazo la kulinganisha.

Kaka wa Nairobi, kuhusu Hodgman umesema kweli na imenifanya nirudie kuyatazama. PC ndiye mwenye uhai. Novemba 2020 Apple wenyewe walimrudisha mwishoni mwa uzinduzi wa chipu yao ya M1, suti ileile, akihoji kwa nini wanaendelea kutengeneza vitu vipya. Machi 2021 Intel nao wakamchukua Justin Long, yule Mac wa zamani, atangaze laptopu zenye chipu zao. Hodgman aliporudi watu walimfurahia kama mjomba. Long alipohama wengi waliona ni mtu aliyelipwa. Kwangu mimi hiyo inasema jambo kuhusu nani kati ya wale wawili alikuwa amejengwa kama mtu, na nani alikuwa msimamo tu uliovaa jinzi.

Kwa hiyo jibu nitakalowapelekea wanafunzi si ndiyo wala hapana kwa mfululizo wote. Tutachukua tangazo mojamoja na kuuliza shida inayotajwa ni ya mashine au ni ya mtu, na ile sifa anayojipa mtangazaji ni kazi ya mikono yake au ni bahati. Hilo la pili ni la Fundi, nitalitaja kuwa ni lake. La mlinzi linapita yote mawili. La chafya linapita la kwanza linakwama la pili, nami nimeshawishika. La chati ya duara halipiti popote, kaka wa Nairobi anisamehe.

Ombi moja. Darasa linalofuata ni Alhamisi, na yale ya Japani niliyopata hayana tafsiri. Mwenye kiungo cha yenye maandishi chini, hata kwa Kiingereza, aniwekee hapa. Nataka yule mama ayaone.